Kiondo cha Tata Nyambura

Mwanangu, nasikia Jumamosi utasimama mbele ya watu uwaeleze jambo, na tangu juzi unazungumza na kioo. Kioo hakipigi miayo, basi hakitakuambia kweli. Keti hapa. Umenikumbusha siku moja pale Wamagana, miaka michache baada ya uhuru, nilipokaribia kukinyima kijiji kizima maji kwa mdomo wangu.

Wakati huo maji tuliyafuata bondeni. Mama yangu aliyapandisha mgongoni, kamba ikimkaza kwenye kipaji cha uso, hata kipaji chenyewe kikafanya mfereji. Nilikuwa nikiutazama mfereji ule anapopika, na moyo uliniuma. Basi tukaambiwa mabomba yapo, ila mtaro tuchimbe wenyewe. Afisa wa maji, mgeni asiyejua Kikuyu, angekuja barazani, kwa hiyo siku hiyo kila mtu angesema Kiswahili chake alichonacho. Tukikubali siku hiyo, mabomba ni yetu. Tukisitasita, yanakwenda ng'ambo ya bonde. Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza sekondari, chifu alinichagua niwashawishi wanawake. Wanaume walikuwa wamekwisha kukubali kwamba wanawake watachimba.

Nikavaa viatu vya kuazima vilivyonibana. Nikawasalimu waheshimiwa mmoja mmoja, nikapitia habari za maji duniani kote, nikafika kwenye vijidudu vya magonjwa, na kila kidudu nikakitaja kwa jina lake la shuleni.

Sasa, wanawake wa kwetu hawakuwa watu wa kuja barazani mikono mitupu. Kila mmoja alikuwa na kiondo anachosuka. Nilipoona mikono inakwenda mbio nilifurahi, nikadhani hotuba imewapandisha moto. Debe tupu haliachi kuvuma, mwanangu. Nikaendelea kuvuma mpaka Tata Nyambura, dada yake baba, akasimama.

"Wewe Wairimu! Nilikuja na kitako ya kiondo peke yake. Sasa niko na kiondo mzima, uzi imeniisha, na wewe bado uko kwa wadudu. Ati maji inakuja lini?"

Baraza likaangua kicheko. Chifu akajificha nyuma ya kofia yake. Afisa wa maji akatazama saa, akaanza kufunga mkoba. Nilitamani ardhi inimeze! Kisha nikamwona mama, amekiinamisha kile kipaji chake kwa aibu yangu, na hasira zikanipanda.

"Tata," nikasema, "wiki jana mvua ikinyesha, ni nani aliteleza pale kwa mteremko, akafika mtoni na makalio, mtungi ikimfuata nyuma?"

Mikono ikasimama. Hakuna hata mmoja aliyesuka, maana hakuna hata mmoja ambaye hakuwahi kuanguka pale.

"Mama yangu alianguka hapo akiwa na mimba," nikasema. "Tukichimba, maji ndiyo itatembea. Sisi tutakaa nyumbani. Nani atakuja na jembe?"

Mikono ikapanda, mingine na viondo vyake. Aisifuye mvua imemnyea, na wale mvua ilikuwa imewanyea mpaka mifupani. Afisa akaufungua tena mkoba.

Tata alikuwa amenuna. Nikajua leo nimepata laana. Akamwendea afisa, akamwambia, "Bwana, huyu msichana ametangaza makalio yangu kwa serikali. Bomba ya kwanza itakuja kwangu."

Na likaja kwake kweli. Mama alichota hapo mpaka tulipopata letu. Kipaji chake hakikurudi sawa, lakini ile kamba aliifungia ndama.

Basi mwanangu, Jumamosi usianze na dunia. Anza na mteremko ambao watu wako wameteleza. Watazame mikono. Siku hizi haisuki viondo, inacheza na simu, lakini habari yake ni ile ile. Ikikataa kusimama, achana na wadudu wako uwaambie kilichokuuma wewe. Viatu vaa vyako. Na ukitaka kutaja makalio ya shangazi yako, mwombe ruhusa kwanza, kwa maana mimi sasa ni mzee na sitaki kuitwa kuamua kesi.

Leta viganja nikutemee mate ya baraka. Mungu akupe sauti ya kufika viti vya nyuma, na akili ya kuketi kabla uzi wa watu haujaisha.