Hesabu ya Asidi na Alkali

Baba alikuwa anastaafu mwishoni mwa mwaka, na nyumba tuliyokaa Makongeni ilikuwa ya mwajiri wake. Kazi ikiisha, nyumba inarudishwa, nasi tunarudi magharibi, kwenye shamba ambalo mimi nililijua kwa likizo za Krismasi tu. Nilikuwa kidato cha nne. Chuo cha wauguzi cha hospitali moja ya misheni hapa Nairobi kilikuwa kimenihoji na kunikubali, bweni likiwemo, kwa sharti kwamba nipite kemia vizuri. Nisipopita, hakuna kurudia mwaka, maana sitakuwa na pa kulala. Baba aliniambia hayo mara moja tu, bila kupandisha sauti, kisha akasema tuombe.

Kemia ya maelezo niliipenda. Kilichonishinda ni hesabu za myeyusho. Mwalimu akiandika ubaoni kwamba alkali kiasi hiki imemalizwa nguvu na asidi kiasi kile, tafuteni ukolezi wa asidi, nilinakili namba nisijue nianzie wapi. Kanuni nilikuwa nayo kichwani kama zaburi, ila zaburi nilijua inasema nini. Hii sikujua. Nilizidisha kilichoonekana kuzidishika, nikagawanya kilichobaki.

Mwalimu wetu alikuwa kijana mwenye haraka, na hakuwa na siri na makosa ya mtu. Aliinua daftari langu mbele ya darasa. "Sista," akasema, kwani shule nzima ilijua nataka uuguzi, "asidi uliyopata hapa inatoboa meza. Na mgonjwa utampimia dawa kwa hesabu hii?"

"Atampimia na jeneza kabisa, mwalimu!" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

Darasa likacheka. Mimi nilitazama dawati, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa kweli.

Mungu hakuniacha. Msichana niliyekaa naye dawati moja alikuwa binti wa mwenye bucha Soko la Burma, watu wa Murang'a, mwenye mdomo mwepesi na akili nyepesi zaidi. Jumamosi mchana alikuja kwetu, Mama akatuwekea chai mezani, naye akavuta birika na kikombe akaviweka pamoja.

"Haya, mtu wa maombi. Hii chai ya birika na hii ya kikombe, gani iko na utamu zaidi?"

"Ni sawa. Chai ni moja."

"Na sukari? Gani iko na sukari mingi?"

"Ya birika. Si ni nyingi?"

"Sasa unalia nini? Utamu ndio ukolezi. Sukari yenyewe ndiyo moli. Wewe kila siku unapewa utamu, unaandika sukari."

Nikatazama kikombe kwa muda mrefu hata akadhani nimekasirika. Nilikuwa naona kanuni ikifunguka: ukolezi ukizidishwa kwa ujazo unakupa kiasi chenyewe cha kitu kilicho ndani, na hicho kiasi ndicho kinachokwenda kukutana na mwenzake.

"Bado," akasema. "Hii asidi ya salfa ni mlafi. Moja inataka alkali mbili. Kama mzee wa kwetu na wake zake wawili."

"Kwetu kanisani ni mke mmoja."

"Ndiyo maana hesabu zako zinakataa!"

"Nawasikia huko," Mama akasema kutoka jikoni, nasi tukainamia vitabu.

Tangu siku hiyo nilianza kupata majibu, polepole. Kwanza moli za alkali, kisha nusu yake, kisha nigawanye kwa ujazo wa asidi. Niliyafanya maswali yote ya kitabu, nikarudia yale niliyokosa. Kwenye karatasi nilikuwa nimepona. Tatizo ni kwamba nusu ya mtihani haikuwa kwenye karatasi.

Shule yetu ilijengwa kwa michango ya wazazi na vyombo vya maabara vilikuwa vichache. Tulifanya mazoezi kwa makundi. Waliokuwa na ujasiri walishika koki ya bureti, ule mrija mrefu wenye alama unaoteremsha asidi tone kwa tone, nasi wengine tulisoma alama na kuandika. Mwalimu alitusisitizia tusuuze vyombo kwa kile kitakachoingia ndani ya kila kimoja. Hatukuuliza zaidi. Wasichana wa mitaa yetu tulikuwa tunafanya hivyo tangu utotoni. Chai ya ushirika wa akina mama, kabla ya kuijaza kwenye thamosi, unamimina kidogo, unazungusha, unamwaga, ndipo unajaza. Ukiacha maji ndani, chai inapooza na kupoteza ladha, na mama fulani atakuuliza mbele za watu kama kwenu hakuna sukari.

Siku ya mtihani nilisimama mbele ya vyombo vyangu nikiwa nimefunga, kwa kuomba na kwa kushindwa kula. Nikasuuza bureti kwa asidi yangu, ya salfa. Nikasuuza pipeti, mrija wa kioo wa kufyonzea kiasi kimoja kamili, kwa alkali. Nikachukua ile chupa ya kioo yenye tumbo pana ambamo viwili hivyo hukutana, nikaisuuza nayo kwa alkali, nikamwaga, nikajiona mwangalifu. Nikapima alkali kwa pipeti, sentimita za ujazo ishirini na tano, nikatia kiashiria, dawa inayobadili rangi alkali inapokwisha, ikawa rangi ya waridi. Nikafungua koki.

Waridi ilipotea kwenye alama ya ishirini na tano nukta tatu. Nikarudia. Ishirini na sita kamili. Namba hizo mbili zilitakiwa zikaribiane sana. Nikarudia tena, koki nikiigusa kama jeraha, ikasimama ishirini na tano nukta saba.

Namba tatu, kila moja njia yake. Niliandika ile ya tatu. Nikatazama chupa yangu ya asidi. Iliyobaki ingetosha kujaribu mara mbili, labda. Msimamizi, mama mgeni ambaye viatu vyake vililia sakafuni, alikuwa ametangaza mwanzoni, "Atakayemaliza asidi yake hapewi nyingine. Msiniite." Nyuma yangu mtu alikuwa akipiga hesabu tayari, nasikia kalamu yake. Mbele ya macho yangu niliona mizigo yetu juu ya basi na mimi nikiwa kando yake.

Niliinamisha kichwa. Msimamizi alisimama pembeni yangu. "Unaumwa?"

"Hapana, mama. Naomba."

"Omba ukiangalia saa," akasema, akapita.

Sikusikia sauti yoyote, wala sitasema nilisikia. Nilichopewa ni utulivu kidogo, uliotosha kujiuliza swali moja: katika chupa hii ya tumbo, ninachohitaji kujua ni nini, utamu au sukari? Bureti inabeba ukolezi, kwa hiyo maji ndani yake yangeudhoofisha, na ndiyo maana inasuuzwa kwa asidi. Lakini chupa ya tumbo haibebi ukolezi. Inabeba kiasi, moli zile tu ambazo pipeti imezileta. Na mimi kila mara nilikuwa nimeacha humo alkali nyingine ukutani, safari hii nyingi, safari ile kidogo, na asidi yangu ikaenda kuihudumia na hiyo pia. Thamosi ilikuwa imenidanganya.

Nikaichukua ile chupa nikaisuuza kwa maji matupu. Mkono ulikataa. Kila kitu nilichofunzwa nyumbani kiliniambia ninaharibu. Maji yatapunguza ukali, nikawaza; kisha nikajibu mwenyewe, yapunguze, hayana alkali, hayaongezi hata moli moja. Nikaiacha ikiwa imelowa hivyo hivyo, nikapima upya.

Ishirini na nne nukta sita.

Asidi iliyobaki ilikuwa ya mara moja tu. Nikasuuza tena kwa maji, nikapima, nikafungua koki. Karibu na mwisho niliteremsha tone, nikatikisa, nikateremsha tone. Waridi ikafifia, ikarudi, ikaondoka. Ishirini na nne nukta sita.

Nikazipiga mstari zile namba tatu za kwanza, nikafanya hesabu: moli za alkali, nusu yake, gawanya. Niliweka kalamu chini msimamizi akiwa tayari ameanza kukusanya.

Nje, wenzangu walikuwa wakilinganisha. Binti wa Burma alinishika mkono. "Ulipata ngapi?"

"Ishirini na nne nukta sita."

"Wacha mchezo. Sisi wote tuko ishirini na tano na kitu. Wewe peke yako?"

"Sista amekunywa asidi," mwingine akasema. Wengi wao walinizidi kemia.

Mwalimu alikuja akatusikiliza, akaacha kutabasamu. "Ile chupa ya tumbo mliisuuza kwa kitu gani?"

"Kwa alkali, mwalimu," rafiki yangu akajibu. "Si ulisema kile kitakachoingia?"

Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Nilisema vyombo," akasema. "Sikuwaambia ni vyombo vipi." Baadaye akaongeza kwamba kila mtu angesahihishwa kwa namba zake mwenyewe, na aliyefuata njia sawasawa hangepoteza yote. Rafiki yangu aliniangalia akasema, "Nikufundishe mimi, unipite wewe," akanipiga bega, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Namshukuru Mungu kwamba naye alipita, na kwamba hakuninunia.

Matokeo yalichelewa. Baba aliongezewa mwezi mmoja katika nyumba ile, kisha wiki, kisha tukaambiwa yatosha. Niliyafuata shuleni asubuhi ya siku tuliyotakiwa kukabidhi funguo. Nilirudi mbio. Baba alikuwa mlangoni akikaza kamba kwenye gunia kubwa, goti lake likiwa juu yake.

"Kemia?" akauliza.

"Nimepita, Baba. Vizuri."

Aliondoa goti, akavua kofia, akainamisha kichwa, nami nikajua anazungumza na nani. Kisha akamwita Mama, akamwambia afungue lile gunia, atoe nguo zangu.