Baromita ya Dukani

Polisi wa Iringa tulipokwenda Mbeya kushindana shabaha na wenzetu, mimi sikufuata sifa. Nilifuata ukoplo. Mshindi angepandishwa cheo, na koplo alipewa nyumba. Na mzee mmoja wa Mbeya, muuza nguo mwenye asili ya pwani, alikuwa ameniambia wazi kwamba binti yake haozwi kwa mtu anayelala bwenini.

Kwa masafa marefu tulikuwa na jedwali. Unapima uzito wa hewa ya mahali ulipo, jedwali linakuambia upandishe saiti ya bunduki, kile kilengeo cha juu ya mtutu, kiasi gani. Hewa nzito huichosha risasi, kwa hiyo unapandisha zaidi. Karani wa hali ya hewa, pale uwanja wa ndege, alinipa kipimo cha inchi ishirini na nne na ushee. Nikamshukuru, nikaenda kumwamkia mzee.

Dukani kwake, juu ya majora ya vitambaa, ilining'inia baromita ya shaba, chombo cha kupima uzito wa hewa, aliyokuja nayo kutoka pwani. Mshale ulisimama kwenye thelathini, penye neno la Kizungu la hali nzuri.

"Hii haijawahi kusema uongo, mwanangu," alisema.

Sasa nimwamini nani? Karani hakuwa na binti. Nikapandisha saiti kwa kipimo cha mzee.

Risasi ya kwanza ikapita juu ya shabaha. Bendera nyekundu ya kukosa ikapepea. Ya pili, nyekundu tena. Nilizimaliza zote hewani, na wenyeji wakaniuliza kama nawinda kunguru. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mzee, aliyekuwa ameketi mbele na kanzu yake, akanijia.

"Ulifuata baromita yangu?"

"Ndiyo, mzee."

Akakohoa. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu aipandishe huku milimani, kwenye hewa nyepesi, mshale ulilala kwenye dhoruba, masika na kiangazi. Wateja wakielezwa maana yake, wanakimbilia makwao bila kununua kitu. Ndipo akamwita fundi saa ausogeze.

Damu ilinichemka. Ukoplo wangu umeliwa na fundi saa! Nikafungua mdomo nimpe yake, akaniwahi:

"Na ulipoona zinapita juu, mbona hukushusha?"

"Ulikuwa unanitazama, mzee."

Akanikodolea macho, kisha akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Mkwe kama huyu nitampata wapi tena? Omba uhamisho. Chumba kipo uani kwangu."

Hasira zote zikaniishia. Nikafuatana naye kwenda kunywa chai, bunduki ya serikali nikaiacha imelala kwenye majani.