Mwenzangu Alivyonishikia Kioo

Niliporudi Nairobi kutoka Kitui, nikiwa nimetoka kumzika mama, nilikuta kufuli mpya kwenye mlango wa karakana yetu. Kilikuwa chumba kidogo katikati ya jiji, ambamo mimi na mwenzangu tulitengeneza skrini za mashine za zamani za michezo ya video, zile kubwa kama kabati ambazo mtu hucheza akiwa amesimama. Huyo mwenzangu tuliimba naye kwaya moja. Tulipokuwa tunaondoka na jeneza, yeye ndiye aliyeshika maikrofoni akaniombea safari njema.

Nikampigia simu.

"Sister, nilidhani umeamua kukaa nyumbani," akasema. "Halafu hii kazi ya stima si ya wanawake. Wateja wanaogopa."

Kazi hiyo mimi ndiye niliyemfundisha. Sikulia. Nilimchukia hadi nikaacha kwaya, maana singeweza kuimba nikisikia sauti yake nyuma yangu. Nikaanza upya sebuleni kwangu, Kangemi.

Baadaye mzee mmoja mstaafu wa Kitisuru akapata namba yangu. Mashine yake, aliyoiweka gerejini, ilikuwa imetoka kwa fundi juzijuzi, lakini picha ilikuwa imejikunja ikawa mstari mmoja mweupe katikati ya skrini. Nilifungua nyuma, nikaondoa umeme uliobaki kwenye tyubu, ile chupa kubwa ya kioo inayoonyesha picha, tak! Kisha nikaitoa bodi. Kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza chaji, zilikuwa mpya, lakini moja ilikuwa imewekwa hasi mahali pa chanya, imevimba kichwa. Lehemu, yale matone ya risasi yanayoshikilia miguu ya vipuri kwenye bodi, zilikuwa zimefifia, na kwenye mguu mmoja palikuwa na ufa mwembamba wa duara. Papara hiyo niliijua ni ya nani.

"Nani alitengeneza hii?" nikauliza.

"Jamaa mmoja wa tao, pale katikati ya jiji. Nimemwambia arudi leo aone alichofanya. Aliniambia alikuwa na mwenzake mwanamke, akaacha kazi akaolewa."

"Mwenzake ni mimi, mzee. Na sijaolewa. Tafadhali usimwambie niko hapa."

Nikabadilisha kapasita, nikalehemu upya kila mguu uliokuwa na shaka, nikitabasamu peke yangu. Mwenzangu alipoingia gerejini, picha ilikuwa imejaa skrini. Aliponiona alimgeukia mzee, akaanza kumweleza kwamba hizi tyubu zimezeeka. Nikaweka ile kapasita iliyovimba kwenye kiganja cha mzee.

"Iliwekwa kinyume," nikasema. "Tyubu haina shida."

Kilichobaki kilikuwa kunyoosha picha. Skrubu za kurekebisha ziko nyuma, kwa hivyo lazima kioo cha kujitazama kiwekwe mbele ndipo fundi aione picha.

"Shika kioo," nikamwambia.

Akamtazama mzee. Akapiga magoti, akashika.

"Inua. Hapana, teremsha. Kushoto kidogo. Usitingishe."

Picha ilinyooka mapema. Niliendelea tu kumwamuru, mikono yangu imo mfukoni, nyuma ya mashine asikoniona. Mzee akaleta chai. Nikanywa yangu papo hapo, nikitazama vidole vya mwenzangu vikishikilia ukingo wa kioo. Sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Mwenzangu alinifuata hadi getini. "Sister, tusahau hayo. Turudi pamoja."

"Nilipokuwa namzika mama, wewe ulikuwa unabadilisha kufuli," nikamwambia. "Nitachukua wateja wako wote, mmoja mmoja."

Nikawachukua. Mzee alinipeleka kwa rafiki yake mwenye mkahawa Upper Hill, naye akanipeleka kwa wengine. Kila nilipokuta kazi ya mwenzangu niliifungua, nikamwita mwenye mashine aje aone lehemu kwa macho yake. Sikuhitaji kudanganya hata kidogo.

Sasa yeye anauza vifuniko vya simu kwenye korido moja huko tao. Mimi hupitia pale ingawa si njia yangu, nikasimama mbele ya meza yake na kumsalimu, "Niaje?" Yeye hujibu akitazama chini. Dada yangu ananiambia imetosha. Mimi naona bado.