Pampu Iliyozimwa Matangani

Kaka yangu Pandu ni fundi mafriji wa Darajani, na ujuaji wake mimi Mize naujua tangu utotoni kwetu Jang'ombe. Alipopata kazi ya kuangalia mashine ya kupiga picha za kichwa, katika hospitali moja ya binafsi, ndiyo basi tena, hashikiki. Sumaku ya mashine ile imezama ndani ya heliamu, kitu cha majimaji ambacho baridi yake haina mfano. Pampu hunguruma usiku na mchana kulitoa nje joto linalopenya. Mhandisi aliyeifunga alimwonya kuwa pampu ile haizimwi.

Wakati huo mke wa Pandu, Mwamvua, alishaanza kuona ukungu. Daktari alishuku uvimbe kichwani, lakini alisema hashiki kisu mpaka aone picha. Akampangia Jumamosi, kwenye mashine ile ile ya Pandu.

Jumatano akafariki mama wa mwenye hospitali, aliyekuwa akiishi ghorofa ya juu ya hospitali ile ile. Watu wakajaa ukumbini kusoma hitima, na pampu iko nyuma ya ukuta tu. Bi Shariffa, binti wa marehemu, akatoka.

"Pandu!"

"Naam, Bi Shariffa."

"Dude lako linapiga kelele watu wanasoma Qurani. Huna haya?"

Nani kwetu humkatalia mfiwa? Akazima. Tena akajipa moyo kwamba friji ukiifunga mlango baridi hukaa. Khaa! Ile ni friji ya samaki, Pandu? Joto likawa linaingia kidogo kidogo, halina wa kulitoa, na heliamu yenyewe ilikuwa imeshapungua, ikisubiriwa nyingine kutoka ng'ambo. Mpaka matanga yanaanuliwa, hakuna aliyethubutu kuiwasha.

Jumamosi asubuhi Mwamvua alishavua bangili na kipini, tumekaa tunangoja kuitwa. Kikapiga kishindo! Wingu jeupe likafoka kwenye bomba la paani, watu wakakimbia wakidhani moto. Ilikuwa heliamu, imechemka yote inakwenda zake.

"Pandu, kuna nini?" Mwamvua akauliza.

"Mashine imekufa. Niliizima mimi."

Wallahi sijapata kumwona kaka yangu akilia vile. Nilitaka kumtukana, nikashindwa.

Ikabidi tutafute mashine nyingine Dar es Salaam, tukaambiwa tusubiri zamu, miezi ikapita. Ilipofika, tulimwingiza Mwamvua kwa kumshika mkono, haoni hata mlango. Daktari akaitazama picha, akatugeukia kwa hasira.

"Mlikuwa wapi siku zote? Mngewahi, macho yangepona."

Pandu akainama. Mwamvua ndiye aliyejibu.

"Tulikuwa na msiba, daktari."