Rede ya Bibi Mwaija

Mtaa mzima wa Mirongo unamjua Bibi Mwaija kwa mambo mawili: wepesi wake kwenye cherehani, na urefu wa mikono ya magauni anayojishonea mwenyewe. Jua liwake litakavyo, yeye kafunikwa hadi viganjani. Watu walisema ni dini. Dini ilikuwamo, lakini nusu yake ilikuwa vinyweleo.

Vilimwota angali mtoto, miguuni, mikononi na mgongoni. Mama yake alipoviona akasema binti keshakua, akamwondoa kwenye rede, mchezo wa wasichana ambao anayepigwa na mpira hutoka, na kumweka ndani. Hedhi yenyewe ilikuja miaka mingi baadaye, na muda wote huo Mwaija aliwasikia wenzake wakirushiana mpira nje huku yeye akichambua mchele. Hakumlaumu mama yake. Ndivyo ilivyojulikana.

Kwa hiyo alipomwogesha mjukuu wake Najat, wa darasa la pili, akaona mgongo ule ule, hakutafuta ushauri. Alikata kitambaa cha gauni refu, akamwambia mkwewe Yasmin, mama wa mtoto, kwamba michezo ya nje imekwisha. Najat alilia mpaka akashikwa na kwikwi.

Yasmin si mkwe wa kubishana. Alisema tu, "Mama, kifua hakijaota. Kabla hatujamfungia ndani, twende akapimwe."

Bibi alinuna, ila alikwenda. Daktari Teodora alimkagua mtoto, akamtoa damu ya kupima homoni, akaagiza picha ya kiganja ili kuona mifupa ina umri gani. Akasema wamefanya vizuri kuja, maana wapo watoto ambao vinyweleo vyao huletwa na homoni zilizopanda mapema, na hao huhitaji tiba. Siku ya majibu walirudi wote watatu.

"Homoni zake ni za mtoto," daktari alisema. "Mifupa pia. Kuvunja ungo bado sana. Mleteni tena mwakani tumwangalie, lakini naona hivi ni vya ukoo tu. Nyumbani yuko nani aliye hivi?"

Yasmin alitazama chini kwa heshima. Bibi Mwaija akapandisha mkono wa gauni hadi kiwikoni, mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu utotoni. Najat akaweka mkono wake kando ya ule wa bibi, akalinganisha, akacheka.

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Njiani Bibi alimshika Yasmin mkono. "Ahsante, mwanangu," alisema. "Mimi nilikosa mtu wa kusema neno hilo moja: twende akapimwe."

Jioni alikichukua kile kitambaa cha gauni refu, akakikatakata, akakishindilia ndani ya soksi na kuishona mdomo. Ukawa mpira. Wasichana walipotoka kucheza, Bibi Mwaija alikunja mikono ya gauni, akasimama katikati, akangoja kurushiwa. Mpira wa kwanza kabisa ulimpata kiunoni. Akatoka akicheka mpaka machozi, na Najat akaingia.