Jambazi Aliyegonga Mara Mbili

Saa mbili na nusu asubuhi, Tsonka Dimova anasukuma mlango wa chuma wa jengo la ghorofa nane mjini Vidin, Bulgaria, kisha haingii. Anauzuia kwa mguu na kusikiliza. Huko juu redio inaimba, mtu anachoma pilipili hoho, mbwa anabweka. Hayo yote kwake ni mema. Anachokiogopa ni kimya.

"Kukiwa kimya, siingii ng'o," anasema bila kugeuka. "Nasubiri mtu atoke, hata nusu saa. Wakitaka kulalamika, walalamike."

Tsonka, mwenye umri wa miaka 46, ni mpeleka barua. Kuanzia tarehe saba hadi ishirini ya kila mwezi huwapelekea wazee pensheni zao mlango kwa mlango, fedha taslimu, ndani ya mkoba wa ngozi. Mshahara wake ni leva 1,100 kwa mwezi, kwa fedha ya Bulgaria. Siku kama ya leo mkoba huwa na zaidi ya leva 14,000, na tarehe hizo mji mzima unazijua, mpaka watoto wa chekechea.

Ghorofa ya tano, bibi Pavlina, mwenye miaka 84, amekwisha kufungua mlango.

"Umechelewa, binti yangu. Nikasema basi, leo wamemuua."

"Bado, bibi. Tia sahihi hapa."

"Chukua banitsa, ina jibini ya kutosha. Umekonda mpaka unatia huruma! Na yule mshenzi, wamemkamata?"

Tsonka anapokea kipande chake cha mkate huo wa jibini, anashukuru, na kusema bado hawajamkamata. Macho yake yako kwenye ngazi.

Ni ngazi hizi hizi. Novemba iliyopita, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, mwanamume aliyejifunga skafu usoni alimrukia kwa nyuma na kuushika mkoba. Bahati mbaya yake, alimrukia mwanamke aliyeanza judo akiwa na miaka kumi na moja na ambaye hadi leo anafanya mazoezi mara mbili kwa wiki. Tsonka alijipinda, akaukamata mkono wake, akaubana kwenye kiwiko mpaka jamaa akapiga magoti.

"Nilikuwa nimeshammaliza," anasema. "Nimemmaliza kabisa! Nilikuwa navuta pumzi nipige kelele."

Ndipo yule mtu akampiga pajani kwa kiganja, mara mbili, harakaharaka. Na Tsonka akamwachia.

Wasiojua mambo haya watamwona mjinga. Lakini kwenye mkeka wa judo, aliyebanwa akizidiwa humgonga mwenzake mara mbili, na mwenzake huachia papo hapo. Hakuna kuuliza wala kufikiri. Asiyeachia hufukuzwa kwa aibu. Tsonka ameachia hivyo miaka thelathini na tano.

"Mkono ulifunguka wenyewe. Mimi nilikuwa bado namkasirikia, mkono umeshamsamehe."

Jamaa alimsukuma. Tsonka aliviringika ngazi kumi na moja, akavunjika mtulinga, na mkoba ukaenda. Lakini kilichomtoa jasho usiku ule hospitalini hakikuwa mfupa. Alikuwa amelala akitazama dari, wazo likamjia. Mtu wa kawaida akibanwa mkono hupiga mayowe. Anayegonga amefundishwa kugonga.

"Ni mmoja wetu," anasema kwa sauti ya chini. "Huenda nimewahi kumfungia mkanda alipokuwa mtoto. Huenda ananisalimia."

Mfupa ulipopona, Tsonka alizunguka kumbi zote nne za mji. Alijiambia anatafuta mtindo utakaomlinda vizuri zaidi. Ni kweli alitafuta, ila pia alikuwa akiangalia mikono ya watu, akimtafuta yule aliyemgonga.

Kwenye ndondi alikaa wiki sita. "Ndondi zinakufundisha kupigwa bila kuduwaa, na hilo ni kubwa. Ila bila glavu nitavunja vidole, halafu barua nitazigawa na nini?" Karate aliipenda kwa macho tu, maana mateke yale yanataka uwanja, na ngazi zake zina upana wa mita moja. Mieleka ina nguvu, lakini humwangusha mtu pamoja na wewe mwenyewe, na chini ni zege. Akarudi kwenye judo, ambako ukishika koti la mtu umemshika mwenyewe.

"Tatizo ni Julai," anasema, na kwa mara ya kwanza anacheka. "Majambazi wanavaa fulana!"

Kocha wake, Lyuben Karaivanov, hamdanganyi. "Mtindo bora ni kuutupa mkoba na kukimbia," anasema. "Nimemwambia mara mia. Dada huyu ana kichwa kigumu."

"Nikiutupa, bibi Pavlina atakula nini?" Tsonka anamkatiza.

Alichomwomba kocha baadaye kilimchukiza Lyuben: amfundishe kutoachia. Kwa wiki mbili Lyuben alikataa katakata, akasema huko ni kuvunja sheria ya mkeka. Hatimaye akakubali, kwa sharti kwamba wafanye wao wawili tu, kila Alhamisi. Yeye anagonga, na Tsonka anashikilia bila kukaza, akihesabu moyoni hadi kumi. Mwezi wa kwanza, mkono ulifunguka mara tisa kati ya kumi. Tsonka alikuwa akitoka ukumbini analia.

Alhamisi hii, saa kumi na mbili jioni, kwa mara ya kwanza mbele ya wenzao, Lyuben anagonga. Pap, pap. Ukumbi mzima unageuka, maana masikio yao yamezoea kinachofuata, yaani kuachiwa. Hakifuati. Uso wa Tsonka umepauka, midomo inahesabu. Kumi. Anafungua mkono.

"Haya," anasema Lyuben akijisugua kiwiko. "Sasa unanitisha hata mimi."

Mazoezi yakiisha, desturi ni ile ile ya miaka yote: wote hupanga mstari, na kila mmoja humpa kila mmoja mkono. Wanaume kumi na tisa. Tsonka anapita akiwashika mmoja mmoja, akiwatazama machoni. Mkono wa saba ni mkavu. Wa kumi na mbili ni mzito. Wote wanasema, "Ahsante, dada."

Nje anafunga zipu ya koti hadi kidevuni. Anasema mwezi ujao, tarehe saba, atarudi kwenye jengo lile. Ameshaongea na mkuu wake, na hakubali kubadilishiwa njia.

"Leo nimeshika ile mikono yote, na mkono uliotetemeka ulikuwa wangu," anasema. "Lakini leo wameona siachii. Wote wameona. Naomba Mungu nifike siku nipite mstari ule, na atetemeke mwingine."