Klachi Iliyopakwa Mafuta ya Harusi

Nilitoka Temeke asubuhi ya siku ya harusi yangu kwa sababu Zuhura, mchumba wangu, alikuwa ameshasema, na Zuhura akisema amesema. Shehe akija kumwomba idhini baada ya sala ya alasiri, hatafungua mdomo mpaka bibi yake aliyemlea awe amekaa ubavuni pake. Na Bibi Mwanahawa yuko Boko, miguu imemchoka, na lori la chumvi litokalo huko kuja mjini amelikataa katakata: "Mie si gunia." Basi tukabaki mie na gari langu.

Gari lenyewe lilikuwa la mbio, viti viwili, nimeachiwa na mzungu mpima ardhi niliyemwendesha miaka mingi. Injini yake ikinguruma, kuku wa mtaa mzima wanaingia mvunguni. Mashemeji zangu walisema ni makelele matupu. Ubaya ni kwamba walikuwa na haki kidogo, kwa sababu ya klachi.

Nyie msioyajua magari, klachi ndiyo inayoshikanisha injini na magurudumu. Kwenye gari langu ilikuwa chuma mfano wa faneli, kimevikwa ngozi. Ukiinua mguu kwenye pedali, ile ngozi inakwenda kukamata gurudumu la injini, na gari linaondoka. Ngozi ya zamani ililiwa na zile mbio za mzungu, ikabaki jina. Nikaenda kwa Chande, mshona makubadhi wa hapo Temeke, nikachagua ngozi laini ya mbuzi. Akanipokonya.

"Hii kamshonee mkeo viatu," akasema. "Injini yako itaitafuna kabla hujafika Ilala. Chukua ya dume la ng'ombe, tena ya mgongoni. Ya tumboni inavutika."

Akaikunja kuona kama itapasuka, haikupasuka, tukaivika. Akaniusia: mafuta ya nyonyo, kidogo tu, kama unavyompaka mtoto kifua cha mafua. Na ikizidi kulowa, niipanguse na kuitia vumbi laini, lisiwe mchanga.

Sasa asubuhi ile nyumba nzima inanukia. Bi harusi anasingwa, mie nimepakwa mpaka masikioni, hata mlango umepakwa udi. Nikalitazama gari, nikaona haya. Leo ni leo, nalo lipate! Nikafunua kifuniko chini ya miguu, nikaimiminia ile ngozi mafuta ya nazi, tena yale mazuri ya harusi. Wallahi nilijiona mwungwana.

Ilala nilipita kama upepo. Kinondoni, kwenye kamwinuko kadogo tu, injini ikapiga kelele na gari likasimama palepale. Nikakanyaga mafuta, kelele zikazidi, gari halina habari. Mama mmoja aliyekuwa akichoma vitumbua kando ya njia akainua pua.

"Wewe baba, umebeba kikaango humo?"

"Ni klachi, mama."

"Mbona inanukia kama biashara yangu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mafuta yamepata moto, yameyeyuka, ngozi inateleza. Nikangoja ipoe, nikageuza gari, nikapanda kinyumenyume maana gia ya nyuma ina nguvu zaidi, na yule mama akacheka mpaka vitumbua vikaungua. Kutoka hapo nilikwenda kwa adabu, mguu mbali na pedali. Kuuegemeza mguu pale, kama wafanyavyo madereva wengi, ni kuisugua ngozi bure.

Boko nilifika jua la utosi. Bibi Mwanahawa alikuwa mlangoni, bakora mkononi, kanga mpya, na kuku wawili wamefungwa miguu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umechelewa, nilikuwa nishaanza kutafuta mwingine."

Nikampakia yeye na kuku wake. Zuhura alikuwa ameniusia jambo moja: bibi asipewe udongo wa kula. Ule mweupe, wanaoutafuna wajawazito. Mabinti zake walimgombeza miaka kwa miaka, mpaka akaapa ameacha.

Mlima wa Tegeta ulitushinda. Nikajaribu mbele, nikajaribu nyuma, gari likapiga mayowe na kurudi bondeni. Nikashuka. Chini, mchanga mtupu, wa kuikwangua ngozi yote. Jua linaondoka, Temeke shehe anavaa kanzu. Nikakaa kwenye ubao wa kupandia gari nikaona harusi yangu inaniponyoka, na machozi yakaanza kunilenga.

Ndipo nikasikia kru, kru, kru. Nikageuka. Bibi akaacha kutafuna.

"Bibi, una nini mdomoni?"

"Jino."

"Jino gani jeupe hivyo?"

Akafuta midomo kwa kanga. Nikapiga magoti mchangani, nikamweleza: ngozi imelewa mafuta, inataka kitu laini cha kuyanywa. Akanitazama sana. Kisha akaushika upindo wa kanga yake, penye fundo kubwa kama embe, akaukumbatia.

"Sijampa mtu udongo wangu, hata mama yake Zuhura alipokuwa na mimba yake. Na huku nimeapa, mume wangu. Wakijua nitaiweka wapi sura yangu?"

"Sitasema, bibi."

Akafungua fundo polepole, akanimiminia mkononi, mpaka kipande cha mwisho. Tuliusaga kwa jiwe ukawa kama unga. Pedali nikaikandamiza kwa bakora yake ili ngozi iachane na gurudumu la injini.

"Basi," akasema, "hata nikitaka kukukimbia siwezi tena."

Nikaipangusa ngozi kwa kilemba changu cha harusi, nikainyunyizia udongo, nikaipangusa, nikainyunyizia tena. Kisha nikawasha, nikainua mguu taratibu. Ikakamata! Tukapanda Tegeta kuku wanapiga kelele, bibi anapiga vigelegele, mie nalia kweli sasa.

Temeke walikuwa wameshasali. Bibi akaingizwa ndani, mie nikakaa barazani chini ya dirisha lao, kichwa wazi, suruali nyeupe kwa udongo. Mafunzo ya safari niliyapanga hapohapo: ngozi ya mgongo, nyonyo kidogo, na siku ya harusi gari liachwe kama lilivyo.

Shehe akasimama kwenye mlango wa chumba, akauliza kama bi harusi ameridhia. Akauliza tena. Nikamsikia Zuhura akinong'ona:

"Bibi, umekuja naye njia nzima. Unamwonaje?"

Wanawake wote walikuwemo mle, na mabinti zake wote. Bibi Mwanahawa akakohoa.

"Nimempa udongo wangu wote," akasema, kwa sauti ya kusikika nje.

Mabinti zake wakamgeukia wote kwa pamoja. Halafu Zuhura akacheka, akasema ndiyo.